Madeni Sugu

Ile kompyuta ililetwa Tukuyu kwa Landrova,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa wa kutoka Mwakaleli,
ikawekwa chumba cha uhasibu, mbali na dirisha,
maana mvua ya hapa haibishi hodi.
Mwaka tisini na nne. Mimi karani wa mizani,
kidole kimoja kinaandika, tisa vinaogopa.

Skrini ikawaka, ikatuonyesha vya kwao:
kabati la chuma lenye droo,
kisanduku kilichosimama kwa mguu mmoja
kama korongo, na kibendera ubavuni.
Bwana Mwaipaja akauliza, "Hiki ni kibanda cha njiwa?"
Hakuna aliyejua.
Tupokigwe, mpiga chapa, alicheka puani,
akavuta kiti.

Yeye ndiye aliyegundua:
chini ya kila picha pana jina,
nyuma ya jina pana amri,
na ndani kabisa, kitufe kinachokiri
kwamba picha hii si lazima iwe hii.

Basi jioni, jenereta likikohoa nyuma ya ghala,
alifungua karatasi ya miraba:
thelathini na miwili kwenda, thelathini na miwili kushuka,
rangi kumi na sita, wala si moja zaidi.
Kijani zilikuwa mbili, zote za uongo;
hakuna hata moja iliyowahi kuota Rungwe.
Akatia hila: nukta ya njano, nukta ya kijani,
njano, kijani,
kama mtu anayechanganya maharage na mahindi shambani,
kisha akaniambia, "Rudi nyuma. Rudi mpaka mlangoni."
Nikarudi. Na kutoka mlangoni, naapa,
lilikuwa jani la chai lenye umande.

Daftari la wakulima likawa tenga.
Mishahara ikawa mkungu wa ndizi,
ndizi moja pungufu, kwa sababu, alisema,
mshahara haujawahi kufika mzima.
Barua zikawa baiskeli ya tarishi Ambakisye,
gurudumu la nyuma lina pembe,
kwani miraba haijui duara.
Na mchezo wa karata
aliuvisha kufuli kubwa lenye kutu,
akaupa jina: Madeni Sugu.
Miaka miwili bosi alipitisha kipanya juu yake
kama mtu apitavyo nyumba ya anayemdai,
asibofye.

Kisha ikaja amri ya kupunguza watu.
Tupokigwe akabofya baiskeli ya Ambakisye,
akaandika barua kama alivyosomewa.
Majina saba. La nne lilikuwa lake.
Hakukosea hata herufi.
Akafunika mashine kwa kitambaa chake cha mauamaua,
akashika njia ya Kiwira na mwavuli usiofunguka.

Mwezi wa pili diski ikajaa.
"Futa vile vikaragosi vya yule binti," alisema bosi.
Nikashuka kwenye skrini nyeusi, isiyo na picha,
nikaandika futa, nikaandika nyota,
nukta, herufi tatu.
Haikuniuliza kama nina hakika.

Nikazima. Nikawasha.
Tenga lipo.
Mkungu upo, na ndizi yake pungufu.
Gurudumu bado lina pembe.

Fundi aliyepanda kutoka Mbeya mjini
alinieleza huku akitafuna hindi la kuchoma:
dirisha lile hujiwekea nakala.
Ukimfuta mwenye sura, sura hubaki,
mpaka mtu aende mwenyewe,
afungue kile kitufe,
achague nyingine.
"Nikuchagulie kabati?" akauliza.
Nikamwambia hindi lake linapoa.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu.
Bati linapigwa kama ngoma isiyo na mpangilio,
bosi ameondoka, ukungu umeshika ngazi.
Naifungua Madeni Sugu.
Mashine inagawa mafungu saba.
Nayageuza moja moja, bila haraka,
na la nne nalirukia,
nalirudia mwisho.